Seva ngapi zatosha kabla ya dirisha la maombi kufungwa: kanuni za foleni, uigaji au majaribio ya mzigo?

Kila chuo chenye mfumo wa maombi ya udahili mtandaoni kinaijua siku ya mwisho. Dirisha linafungwa saa sita usiku, na kuanzia saa mbili usiku wanaingia kwa mkupuo wote waliokuwa wakisubiri mshahara wa mzazi, cheti cha kuzaliwa au kifurushi cha intaneti. Ukurasa unaganda, hela imeshakatwa lakini mfumo hauonyeshi malipo, na simu ya ofisi ya udahili haipokelewi. Nyuma ya yote hayo yuko mtu wa TEHAMA ambaye miezi kadhaa kabla aliulizwa: tununue seva ngapi? Ulinganisho huu ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya anayeidhinisha bajeti yake.

Njia zinazotumika kulijibu swali hilo ni nne: kuongeza takwimu za mwaka jana kwenye Excel, kukokotoa kwa kanuni za foleni, kuunda modeli ya uigaji (programu inayoigiza mwenendo wa mfumo kwenye kompyuta), na kuufanyia mfumo wenyewe majaribio ya mzigo, yaani kuupiga kwa watumiaji bandia. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kanuni za foleni zitangulie, kwa sababu ni bure na zinatoa jibu siku hiyohiyo. Majaribio ya mzigo yakupe vipimo vya kweli vya kuingiza kwenye kanuni hizo. Uigaji uufuate pale mfumo wako unapokuwa na tabia ya kujiongezea mzigo wenyewe, na mifumo inayohusisha malipo karibu yote inayo tabia hiyo.

Excel

Kwa ukubwa wa diski, idadi ya barua pepe na kifurushi cha intaneti, Excel inatosha kabisa. Waombaji wakiongezeka nusu, vyeti vilivyoskaniwa navyo vitaongezeka nusu.

Kwa muda wa kusubiri, hapana. Kwanza, wastani unaficha saa ya msongamano. Chukua chuo chenye waombaji 30,000 kwa siku 30. Ukigawanya unapata 1,000 kwa siku, hata mmoja kwa dakika hafiki. Sasa tuseme theluthi yao wanakuja katika saa nne za mwisho: hao ni 10,000, yaani kama 42 kila dakika. Ni mara 60 ya wastani uliokuwa ukiuona kwenye jedwali. Kila mmoja akifungua kurasa na kutuma fomu mara 30, seva inapokea maombi 21 kwa sekunde, na hiyo ndiyo namba ya kupangia. (Kuanzia hapa, "ombi" kwa seva ni kila mara ukurasa unapofunguliwa au fomu inapotumwa, si ombi zima la udahili.)

Pili, kusubiri hakukui kwa mstari ulionyooka. Hapo ndipo kanuni za foleni zinapoingia.

Kanuni za foleni

Mhandisi A. K. Erlang alizianzisha akiwa katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Mwaka 1909 alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu simu zinazoingia bila mpangilio, na mwaka 1917 akatoa kanuni za kukadiria laini ngapi zinahitajika ili wapigaji wasikwame. Swali lake na la kwetu ni moja; kilichobadilika ni mashine.

Kanuni nyepesi kuliko zote inahusu seva moja ambayo maombi yanaifikia kwa nasibu na muda wa kulihudumia kila ombi nao ni wa nasibu. Muda wa jibu ni muda wa kazi yenyewe ukigawanywa kwa sehemu ya muda ambao seva iko huru. Tuseme ombi moja linahitaji sekunde 0.2 za kazi. Seva ikiwa na shughuli asilimia 50 ya muda, mwombaji anajibiwa kwa sekunde 0.4. Kwa asilimia 80 ni sekunde 1. Kwa asilimia 90 ni sekunde 2. Kwa asilimia 95 ni sekunde 4. Angalia hatua ya mwisho: mzigo umeongezeka kidogo tu, kusubiri kumeongezeka maradufu. Mkurugenzi anayeona "asilimia 90 inatumika" na kudhani kuna akiba ya asilimia 10 aonyeshwe namba hizi nne kabla ya kikao kuisha.

Kanuni ya pili ni ya mtafiti John Little, aliyeithibitisha mwaka 1961: idadi ya maombi yaliyomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila moja linakaa humo. Yakiingia 50 kwa sekunde na kila moja likakaa sekunde 0.8, ndani yamo 40. Ikiwa mfumo wa malipo wa nje utapunguza mwendo na kila ombi likakaa sekunde 6, ndani yatakuwemo 300. Kama programu yako imewekewa nafasi 100 za maunganisho ya hifadhidata, umeshajua mfumo utaziba wapi, na hujaandika hata mstari mmoja wa msimbo.

Kanuni hizi zinatoa na maamuzi ya usanifu. Benki nyingi zimeacha kupanga mstari mbele ya kila dirisha. Kuna mstari mmoja, na anayefuata anakwenda kwenye dirisha lolote lililo wazi. Seva ni vilevile. Mbili zenye foleni mbili tofauti, kila moja ikiwa na shughuli asilimia 80, zinatoa jibu kwa sekunde 1 katika mfano wetu. Zikichota kutoka foleni moja, jibu linakuja kwa kama sekunde 0.56. Vifaa ni vilevile, gharama ni ileile.

Hata kazi zisizolingana ukubwa zina kanuni yake, iliyotokana na kazi za wanahisabati Pollaczek na Khinchin. Maombi mengi yakiwa mepesi lakini machache yakawa mazito sana, kama mtu wa ofisini anapotoa ripoti ya PDF ya waombaji wote kwenye seva hiyohiyo, mkengeuko wa muda wa kazi, yaani jinsi unavyotawanyika kuuzunguka wastani, unaweza kufika mara tatu ya wastani. Kusubiri kwenye foleni, kwa seva yenye shughuli asilimia 80, kunapanda kutoka sekunde 0.8 hadi 4 ingawa wastani wa kazi haujabadilika. Dawa hapo si kununua seva ya pili ya aina hiyohiyo. Hamishia ripoti kwenye mashine yake, au zitolewe alfajiri.

Kuna anayesema kanuni hizi ni rahisi mno kwa mifumo halisi. Ninamrejesha MIT, Marekani, mwaka 1965. Allan Scherr alichunguza CTSS, moja ya mifumo ya mwanzo iliyoruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Aliutengenezea mfumo ule uigaji, akapima watumiaji halisi, kisha akalinganisha na modeli sahili ya kihesabu: mtu anafikiri, anatuma ombi, anasubiri, anafikiri tena. Modeli ile sahili ilikaribiana vizuri na vipimo. Uigaji wa enzi hizo ulikula muda wa mashine kiasi kwamba Scherr, aliyepewa saa 4 kwa wiki, alichapisha faili la nywila za wenzake mwaka 1962 ili apate saa zaidi. Leo kompyuta yako ndogo inatosha, kwa hiyo gharama iliyobaki ya uigaji ni muda wako na umakini wako.

Pale kanuni zinapoishia

Kanuni zote nilizozitaja zinachukulia kwamba mfumo umetulia: kasi ya kuingia haibadiliki, na anayesubiri anasubiri kwa utulivu. Mwombaji wa saa tano na nusu usiku hana utulivu huo. Anabofya tena.

Fuatana nami kwenye mfano huu, kwa kuwa ndio unaoamua kama uigaji ni wa lazima kwako. Mfumo unahudumia maombi 100 kwa sekunde, yanaingia 90. Hifadhidata inaganda kwa sekunde 30, kisha inarudi ikiwa nzima. Kama kila mtu angesubiri, yangekusanyika maombi 2,700. Baada ya hapo foleni ingepungua kwa maombi 10 kila sekunde, na katika dakika nne na nusu mambo yangekuwa yametengamaa.

Lakini programu ya simu imewekewa ukomo wa kusubiri wa sekunde 10, na ukomo ukifika inatuma ombi upya, hadi mara 3. Lile la zamani bado limo kwenye foleni. Kufikia sekunde ya 30 foleni ina maombi 5,400 badala ya 2,700. Seva inarudi na kuanza kuyahudumia kwa mpangilio, na ya mbele yote ni ya watu walioshaondoka. Anayefika sasa atasubiri sekunde 54, kwa hiyo naye ataachia na kutuma tena. Ombi moja limegeuka manne, na seva inapokea 360 kwa sekunde wakati uwezo wake ni 100. Hifadhidata ilishapona, ila mfumo hautainuka mpaka watu wakate tamaa au mtu aufunge na kuuwasha upya.

Sasa ongeza seva mara mbili. Kanuni za foleni zitasema uko salama kabisa, kwani shughuli imeshuka hadi asilimia 45. Rudia hesabu ya tukio lile: foleni ni ileile 5,400, anayefika anasubiri sekunde 27, bado anazidi ukomo, bado yanaingia 360 dhidi ya uwezo wa 200. Umetumia fedha maradufu na umekwama palepale. Ili utoke kwa nguvu ya vifaa pekee unahitaji uwezo unaozidi 360, karibu mara nne ya ule wa 100 ulioanza nao.

Njia nyingine: weka kikomo cha foleni cha maombi 500. Linalozidi linakataliwa papo hapo kwa ujumbe wa "jaribu tena baada ya dakika moja". Anayekubaliwa hasubiri zaidi ya sekunde 5 tangu hifadhidata irudi, kwa hiyo, ukiacha yale 500 yaliyonaswa wakati wa kuganda, kila kazi seva inayofanya ni ya mtu ambaye bado yupo. Mfumo unarudi wenyewe. Mara nyingi ni mistari michache tu kwenye faili la mipangilio.

Mfano huu nimeurahisisha hadi ukaingia kwenye karatasi. Ukiongeza kwamba wengine wanakata tamaa mapema, kwamba programu ya simu na kivinjari zina ukomo tofauti, kwamba mfumo wa malipo wa nje nao una foleni yake na taarifa za malipo zinarudi zikiwa zimechelewa, karatasi haitoshi tena. Hapo ndipo modeli ya uigaji inapolipa gharama yake.

Uigaji unavyofanya kazi

Uigaji wa aina hii hauendi sekunde kwa sekunde. Unaruka kutoka tukio hadi tukio: ombi limeingia, kazi imeanza, ukomo umefika, hifadhidata imeganda, imerudi. Unaandika sheria za mfumo wako, unaipa kasi ya kuingia inayopanda kuanzia saa mbili usiku, kisha unaiacha ikimbie na kurekodi kila mwombaji alisubiri kiasi gani.

Kwa anayejua Python, SimPy ndiyo ningeanza nayo: ni maktaba ya bure, na modeli ya mfano wa hapo juu inaingia kwenye kurasa chache za msimbo. Asiyependa kuandika msimbo atazame JMT, kifurushi cha bure kutoka Politecnico di Milano ambapo unachora foleni na seva kwa kipanya. Ndani yake kuna sehemu ya uigaji na sehemu ya kanuni, kwa hiyo unaweza kulinganisha majibu mawili ya mchoro mmoja. CloudSim ya Chuo Kikuu cha Melbourne ni nzuri kwa utafiti wa vituo vya data vya wingu, lakini kwa chuo kinachojiuliza kuhusu seva tano inakuvuta kwenye mambo usiyoyahitaji. OMNeT++ ni ya wanaoshughulika na mitandao yenyewe.

Kuna mitego inayofanya wengi watoe majibu ya uongo kwa uaminifu wote. Kukimbiza modeli mara moja ni kurusha dadu mara moja: badilisha mbegu ya nasibu (namba inayoanzisha bahati ndani ya modeli), rudia walau mara 20 au 30, kisha toa wastani pamoja na wigo wake. Tupa data za mwanzoni ambapo foleni ilikuwa tupu, isipokuwa kama hicho kipindi cha mwanzo ndicho unachokichunguza. Ukilinganisha mipango miwili, ipe yote miwili mtiririko uleule wa waombaji wa nasibu, ili tofauti unayoiona itokane na mpango na si bahati. Na kabla ya yote, ijaribu modeli dhidi ya kanuni: ondoa marudio, weka seva moja yenye shughuli asilimia 90, na wastani wa muda wa jibu ukaribie mara 10 ya muda wa kazi. Usipokaribia, kosa limo kwenye msimbo wako, na mchoro wowote uliokwisha kuutoa hauna maana.

| | Kanuni za foleni | Uigaji | Majaribio ya mzigo |
|---|---|---|---|
| Inahitaji | Kasi ya kuingia na muda wa kazi | Hayo, pamoja na sheria za ukomo, marudio na hitilafu | Mfumo uliokwisha kujengwa na mazingira yanayofanana na ya kweli |
| Maandalizi | Saa chache | Siku kadhaa hadi wiki chache | Wiki, pamoja na ruhusa |
| Swali lake | Zinatosha? | Itakuwaje ikitokea hili? | Programu hii inachukua muda gani kweli? |
| Inapokosea | Watu wanaporudia maombi, mzigo unapobadilika ghafla | Vipimo vya kubuni, kukimbiza mara moja | Zana inapousubiri mfumo, data za majaribio zinapokuwa chache |

Majaribio ya mzigo

Uigaji wote ulimwenguni hauwezi kukuambia kwamba swali fulani la hifadhidata halina faharasa (orodha inayoisaidia kupata data haraka) na linachukua sekunde 3 data zikifika laki mbili. Hilo utaligundua kwa zana za majaribio kama JMeter, k6 au Locust, zote zinapatikana bila malipo. Oktoba 1, 2013 serikali ya Marekani ilifungua HealthCare.gov, tovuti ya kujiandikisha bima ya afya, na siku ya kwanza watu 6 tu walimaliza kujiandikisha. Majaribio ya mfumo mzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, yalikuwa yameachwa hadi wiki za mwisho kabla ya uzinduzi.

Lakini chunga jinsi zana inavyotuma mzigo. Ukiweka watumiaji bandia 50, kila mmoja akisubiri jibu kabla ya kutuma ombi jingine, mfumo ukijibu kwa nusu sekunde unapokea maombi 100 kwa sekunde. Ukipunguza mwendo hadi sekunde 5, unapokea 10. Zana imeuhurumia mfumo wako wakati uleule ulipoanza kuzidiwa, na ripoti inatoka nzuri. Waombaji wa kweli hawafanyi hivyo. Wapya wanaendelea kufika bila kujali wenzao wamekwama. Mwaka 2006 Schroeder, Wierman na Harchol-Balter walionyesha kwamba aina hizi mbili za mzigo zinaweza kutoa majibu yanayotofautiana sana kwa mfumo uleule. Kwenye k6 chagua utaratibu wa kutuma kwa kasi isiyobadilika. Kwenye JMeter, ule wa kawaida wa makundi ya watumiaji unasubiri majibu, kwa hiyo jipange mapema.

Jambo jingine linaloyabana majaribio kwetu ni mifumo ya nje. Huwezi kuupiga mfumo wa malipo wa serikali au wa kampuni ya simu kwa maombi bandia elfu kumi ili uone utafanya nini, wala mazingira yao ya majaribio hayafanani na ya kweli. Unachoweza ni kuchukua logi zako za mwaka jana (kumbukumbu ambazo mfumo hujiandikia), kupima mfumo huo ulikujibu kwa muda gani saa kwa saa, na kuupachika mgawanyo huo kwenye modeli ya uigaji. Hapo uigaji hauna mbadala.

Je, wingu halimalizi hoja?

Huduma za wingu, yaani seva za kukodi kupitia intaneti, zinaweza kuongeza mashine zenyewe mzigo unapopanda, na kwa sehemu ya kurasa zinasaidia kweli. Ila mashine mpya inachukua muda kuwaka na kuwa tayari, na kuganda kwa sekunde 30 kunamaliza kazi yake kabla haijawaka. Zaidi ya hapo, zinazoongezeka ni seva za programu. Hifadhidata inabaki moja, na sasa inapigwa na wengi zaidi. Ukitaka kujua kiwango cha kuanzia kuongeza mashine kiwe asilimia 50 au 70, uigaji utakuonyesha gharama na kusubiri kwa kila kiwango. Kubahatisha huko kwa dola za kila mwezi ni ghali.

Ningechagua nini

Kwa ukurasa wa kutangaza majina ya waliochaguliwa, ambao ni uleule kwa kila anayeufungua: kache (nakala ya ukurasa iliyo tayari), kanuni ya Little na jaribio moja la mzigo. Uigaji hapo ni kupoteza wiki.

Kwa fomu ya maombi bila malipo: kanuni za foleni kwa kutumia mzigo wa saa nne za mwisho, shughuli isizidi asilimia 60 au 70, kisha majaribio ya mzigo wa kasi isiyobadilika na data zenye ukubwa wa mwaka mzima.

Kwa mfumo wenye malipo, taarifa zinazorudi kutoka nje, na programu ya simu inayorudia maombi yenyewe: fanya uigaji, hata kama ni mdogo. Weka ukomo, marudio, kikomo cha foleni na tukio moja la kuganda. Kama zimebaki siku saba na huna muda wa modeli, weka kikomo cha foleni, punguza marudio hadi 1 na ufanye kila rudio lisubiri muda wa nasibu kabla ya kutumwa. Halafu msimu wote hifadhi logi za kila ombi: lini liliingia, lini lilianza kuhudumiwa, lini lilimalizika. Bila nyakati hizo tatu, modeli ya mwakani itajengwa kwa kubuni.